Watoto wa Agosti na Tundu la Kapi

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mhandisi Huzaifa, mkuu wa mradi wa kukarabati majumba yetu ya kale, je, sauti hii inayokusomea unaijua?

Usijibu sasa. Uso wangu najua huujui, ingawa huenda tumepishana Ndia Kuu mara nyingi, wewe na mafaili yako, mimi na kikapu changu. Lakini sauti hii uliisikia Agosti baada ya Agosti ulipokuwa mtoto, ikitoka juu ya kichwa chako ikikwambia, "Chini! Ngoja!" Basi ndiyo mimi, Mahira. Leo ndiyo mara ya kwanza tunazungumza tukiwa sakafu moja.

Assalaam alaykum. Na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wa mtaa wa Kuze, mafundi mliosimamisha kazi kwa ajili ya shughuli hii, wazazi mliotoka Majengo na kwingineko, na nyinyi watoto mlioketi ngazini mkidhani siwaoni mkila ubuyu, nyote karibuni.

Sisi ndio Watoto wa Agosti. Jina ni la utani, maana wengi wetu tuna wajukuu, na mmoja hapa ana kitukuu. Tulipita katika kambi ya muziki ya likizo ya mwezi wa nane, humu humu katika nyumba hii, kila mtu kwa wakati wake. Na watoto wetu wakapita, na sasa wana wa watoto wetu wanapita.

Katibu wetu, Ndugu Arnold, ameniagiza nikuite "mgeni rasmi" kila aya, nisije nikajisahau nikakuita Huze. Nitajitahidi. Vichwa vya sehemu ameviandika yeye, kwani anasema risala isiyo na vichwa ni maongezi ya barazani. Maneno yaliyo chini ya vichwa ni yangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini wenzangu walisema niandike mimi kwa kuwa nayakumbuka mambo madogo madogo, na kwa kuwa sina haraka.

Mgeni rasmi, kiti chako tumekiweka hapo makusudi. Ukiinua macho utaona tundu la mraba darini, katikati ya boriti, pana kiasi cha msala wa kuswalia. Hilo ndilo tundu la kapi. Ramani ya ofisi yako inasema wiki ijayo dari lote litamwagwa zege, na tundu lizibwe, na kambi yetu ihamie katika ukumbi mpya upande wa pili wa kisiwa. Tumekuja kusema nawe juu ya hilo, kwa adabu zote. Mengine nitakayoyasoma yote yanalizunguka tundu hilo, hata yakionekana yamekwenda mbali.

ASILI YETU

Nyumba hii ilikuwa ya mfanyabiashara wa samli na tende. Hapa chini palikuwa bohari. Mizigo isiyopenda unyevu ilivutwa juu kwa kamba na kapi kupitia tundu lile. Ukilipapasa kingo zake utakuta mbao imelika kwa kamba hadi ikawa laini kama mkono wa mchi wa zamani. Kapi lenyewe lilikwisha ondoka, lakini ndoana yake ingalipo, na siku za mvua boriti hutoa harufu ya samli mpaka leo. Sisi harufu ya samli tukiisikia popote, vidole hutuwasha kutaka kupiga.

Mwenye nyumba alipofariki alimwacha mjane, Bi Mwanamkuu. Bi Mwanamkuu alikuwa fundi wa taishokoto, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe kama vya mashine ya kuchapa. Na mtaani hapa alikuwa amepanga Mwalimu Nicanor, mtu wa bara, karani wa reli, ambaye Jumapili alipiga akodiani kanisani na siku nyingine alipiga barazani kwake akipunga upepo. Basi ikawa jioni yeye anapiga kule chini, na Bi Mwanamkuu anamjibu kutoka dirisha la juu. Watu wakaanza kupita Kuze bila ya shughuli.

Siku moja Bi Mwanamkuu akampelekea salamu: "Mwambieni huyo bwana wa reli, akiacha kuuharibu ule mstari wa mwisho nitampa bohari afundishe watoto."

Mwalimu akarudisha jawabu: "Mwambieni bibi, nauharibu makusudi ili anitengeneze."

Kuze nzima ilicheka, na wazee wawili wakakohoa.

Lakini bohari alipewa. Likizo ya mwezi wa nane watoto walikuwa wamejaa vichochoroni, mipira ya matambara ikiingia madirishani mwa watu, na kila mzazi alitaka mahali pa kuwapeleka. Wavulana waliletwa siku ile ile. Wasichana, akina baba walisema hapana. Hapo ndipo Bi Mwanamkuu alipotoka kizingitini, buibui lake begani, akasema, "Wavulana chini kwa Mwalimu. Wasichana juu kwangu. Nani ana neno?"

Mzee mmoja akauliza, "Na wimbo je, bibi? Utakuwa nyimbo mbili?"

"Wimbo utapita tunduni," akasema. "Wimbo hauna ndevu wala ushungi."

Ikawa hivyo. Juu tulikuwa na taishokoto, fidla na sauti. Chini walikuwa na ngoma ya dumbak, tari ndogo ya rika na akodiani. Wa juu wanaanza, wa chini wanajibu, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mkono wa Mwalimu haukuonekana juu, na jicho la Bi Mwanamkuu halikufika chini. Kwa hivyo waliweka sharti moja ambalo kila aliyepita hapa anaweza kukuambia hata ukimwamsha usingizini: pumzi kwanza. Kabla ya wimbo nyumba yote inanyamaza, mpaka uwasikie wa upande wa pili wanavuta pumzi. Usipoisikia pumzi yao, huanzi. Adhana ikiadhiniwa tulinyamaza pia, Waislamu na Wakristo, na ilipokwisha tulianza tena palepale tulipoachia, kwa pumzi ileile.

Mgeni rasmi, niruhusu nimtaje baba yangu. Alikuwa fundi wa kofia, mtu wa maneno machache. Aliniruhusu kuja kwa sababu moja tu, kwamba sitaonekana. Siku ya kufunga kambi alikuja akasimama chini ya tundu, hapo kilipo kiti chako, mikono nyuma. Mimi nilikuwa juu na fidla, nalijua koti lake kwa upande mmoja wa bega ulioonekana. Jioni nyumbani alikunywa kahawa yake, akasema, "Leo juu kulikuwa kuzuri." Hakuniuliza mimi nilikuwa yupi, wala sikumwambia. Na kila mwaka alisimama palepale.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Macho ya Bi Mwanamkuu yalipopungua nuru akaniita nimsaidie huko juu. Na katika miaka hiyo, mgeni rasmi, akaletwa mtoto mmoja wa chini mwenye mkono mwepesi kuliko wote tuliopata kuwasikia, na mbio kuliko wote. Walimwita Huze Mbio. Dumbak lake lilikuwa likianza sisi tungali tunakaza nyuzi. Nikawa nabisha sakafu kwa mchi wa kinu, du, du, nikipaza sauti, "Chini! Ngoja!"

Naye akijibu kutoka huko chini, "Ningoje nini? Mie n'shafika!"

"Umefika na nani?"

Dumbak likasita.

"Nakuuliza, Huze, umefika na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Basi hujafika. Rudi utuchukue."

Wasichana walikuwa wakicheka mpaka wanaangusha vipigio vya taishokoto. Haya nayasema mbele ya wafanyakazi wako, unisamehe mwanangu, lakini nayasema kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka wa mwisho wa Bi Mwanamkuu, siku ya kufunga, nyumba imejaa hadi mlangoni, uzi wa fidla yetu ukakatika sisi tumo katika kunyamaza. Tukaanza kufunga mwingine. Chini hawakujua lililotupata. Watu wakaanza kukohoa, viti vikalia. Tukamsikia Mwalimu Nicanor akinong'ona, "Anza, mwanangu, watu wanachoka."

Na tukakusikia wewe. Ulikuwa na umri wa kung'oka meno. Ukasema, "Bado hawajapumua."

Ukangoja. Wewe, Huze Mbio, ulingoja mpaka uzi ukafungwa, ukakazwa, ukajaribiwa, na sisi tukavuta pumzi, na palepale dumbak likaingia, moja, kama mlango uliofunguliwa na mtu anayekujua. Bi Mwanamkuu alinishika mkono akasema, "Huyo wa chini ni nani?" Nikamwambia. Akasema, "Mwacheni sasa. Amekwisha fika."

MATUNDA YETU

Katika sehemu hii Ndugu Arnold alitaka nitaje waliokuwa wapigaji wakubwa, waliopanda ndege kwenda kupiga ng'ambo. Wapo, na tunawapenda. Lakini wengi wetu hatukuwa wapigaji. Tulirudi katika kazi za watu wote, na ni huko ndiko kambi ilikotufuata.

Kalama aliyesimama karibu na mlango, yule mrefu, ni dereva wa kreni bandarini. Anakaa huko juu kwenye kibanda cha kioo, na mtu anayemwongoza yuko chini nyuma ya makontena, hamwoni, anamsikia redioni tu. Vijana wapya wanapata taabu na hilo. Wanaichungulia sauti, wanataka waione. Kalama anasema, "Mimi tangu mdogo nimezoea mtu kuwa sauti. Nikisikia amevuta pumzi kabla ya kusema, najua ataniambia simama, na mkono wangu ushasimama." Siku aliyotuambia hayo, mwimbaji wetu Dama alimdakia, "Lakini mkeo akivuta pumzi husikii." Tukacheka. Kalama akasema huyo anapumua kwa ndani.

Kanze ni mkunga katika zahanati ya Majengo. Alikuwa juu pamoja nami, mtoto wa kuimba, sauti nyembamba. Anasema mtoto aliye tumboni naye ni mtu wa upande wa pili wa dari. Huwezi kumwona, huwezi kumharakisha, unanyamaza unamsikiliza mpaka yeye aanze, halafu unamjibu. Akina mama wa Majengo wanasema Kanze hana makelele ya wauguzi. Hawajui ni Bi Mwanamkuu aliyemnyamazisha.

Na hawa wawili, Ndugu Arnold na mkewe Sheryl, wao walioana kupitia tunduni, na sisemi kwa mzaha. Yeye alikuwa chini na akodiani, binti yuko juu na taishokoto. Likizo mbili walikuwa wakijibizana bila ya kuonana, kila mmoja akikisia. Sheryl mwenyewe husema, "Siku ya kwanza nilipomwona nilisikitika kidogo. Nikafumba macho, nikamwambia aseme kitu." Naye Arnold huongeza, "Na nikasema." Wana watoto watu wazima sasa. Wakigombana, wanatuambia, mmoja huingia chumbani, mwingine hubaki sebuleni, wakazungumza ukutani mpaka wakaelewana. Wakitazamana hawafiki popote.

Mgeni rasmi, nikikuambia kambi hii imeingia mwilini mwetu usidhani natia chumvi. Mwaka jana tulialikwa kupiga katika hoteli moja ng'ambo ya daraja, arusi ya watu wakubwa. Tulivaa kanzu na leso mpya. Ukumbi ulikuwa mzuri, hewa baridi, taa kama nyota. Wakatukalisha duara, tutazamane, wapiga picha watuone vizuri. Tukaanza, na ubeti wa kwanza haukwisha tukapotea. Tulipotea sote! Kila mtu alikuwa akitazama vidole vya mwenzake. Mimi nilikuwa nikimtazama Kalama na dumbak nikifikiri, kumbe anauma ulimi akipiga. Tukaanza tena, tukapotea tena. Bwana arusi akatabasamu kwa huruma.

Kalama akasema kwa sauti ya chini, "Arnold, mbona wanikodolea mato kama hakimu?"

"Nakutafuta uanze."

"Tangu lini ukanitafuta kwa mato?"

Hapo Dama, mwanamke wa kazi, akainuka. Akavua leso yake ya mabegani, akaomba na yangu, akazifunga pamoja baina ya viguzo viwili vya maua, ikawa pazia katikati ya ukumbi. Upande huu wa juu, upande ule wa chini. Akarudi kuketi, akasema, "Haya, pumzi." Tukapiga hadi watu wakasimama. Baadaye mama wa bibi arusi akaja kutusifu, akasema mapambo ya leso yalimpendeza mno, ni mtindo wa wapi? Dama akamjibu, "Ni wa Kuze, mama."

DHIKI ZETU

Hatukuja kulia, mgeni rasmi. Dhiki tulizo nazo ni za kawaida ya kisiwa. Chumvi inakula nyuzi. Taishokoto ya Bi Mwanamkuu imepoteza vitufe, na mahali pao tumetia vifungo vya mashati, vyeupe vya kanzu na kimoja cha bluu cha sare ya shule, na watoto hukigombea hicho cha bluu. Bati la uani linavuja.

Dhiki iliyo kubwa ni kwamba tunapendwa, na anayetupenda anataka kutupa kitu tusichojua kukishika.

Tulipoonyeshwa ramani ya ukumbi mpya, mwezi uliopita, tulishukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Viti laini, jukwaa, taa, mashine za baridi. Yule kijana wa ofisi yako, mwenye adabu nzuri, akatuuliza kama tuna maoni. Tukanyamaza. Naye akadhani tumeridhika. Hakujua kwamba sisi tukinyamaza ndiyo tunavuta pumzi.

Alisema tundu ni hatari, mtoto anaweza kuanguka. Ni neno la haki na hatulidharau. Katika maisha yangu yote nimeona vitu vitatu vikianguka tunduni: kofia ya Mwalimu Nicanor aliyepanda ngazi akachungulia asikotakiwa, paka, na sinia la mahamri, na hilo la mwisho wavulana waliliombea dua lirudie. Lakini kwamba mtoto hajaanguka jana si hoja ya kwamba hataanguka kesho, najua. Tutalisema hilo mbele.

Kuna jambo ambalo ramani haikuweza kulijua, kwani halichoreki. Baba wa Kuze atamruhusu binti yake apande ngazi ya Bi Mwanamkuu, kwa sababu mama yake aliipanda, na nyanya yake, na kutoka hapa hadi kwao anaisikia sauti yake akitaka. Hatamruhusu avuke mji akapande jukwaa. Huenda ni kosa lake huyo baba. Tunaweza kumsema, na tunamsema. Hata hivyo binti hatakuja. Tumepita mlango kwa mlango tukiuliza, mimi na Kanze, na majibu ni hayo, yamefungwa kwa salamu na kahawa lakini ni hayo. Tukihamia ukumbi mpya tutaondoka na chini yetu yote. Juu itabaki Kuze, ndani ya nyumba zao, kimya.

Wala usidhani tumeganda katika ya kale. Siku hizi anayetaka juu anapanda na anayetaka chini anabaki, mradi mzazi ameridhia. Mwaka jana wavulana wawili walipanda juu kwa sababu ya kitufe cha bluu, na msichana mmoja kutoka Majengo alishuka kwenye dumbak. Dari halikuanguka.

Sheryl, aliye mtu wa suluhu, aliuliza katika mkutano wetu: je, tusiende huko tukafunge leso, kama arusini? Tulilifikiri kwa siku nyingi. Leso ilituokoa sisi kwa kuwa sisi tundu tunalo tayari, tumelibeba vifuani. Mtoto ambaye hajalipata, leso kwake ni kitambaa tu. Ataivuta kando achungulie. Mimi ningekuwa mtoto ningeivuta.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, maombi tuliyoyapitisha kikaoni ni haya.

Kwanza, tunaomba bati la uani lizibwe kabla ya mvua za vuli, na kama fundi wako ana nafasi, autazame na mlango wa nyuma ambao unafungwa kwa jiwe.

Pili, tunaomba kuta zikarabatiwe kama mlivyopanga. Hatupingi ukarabati. Kuta hizi zinakuhitaji, na tumeona mafundi wako wanavyochanganya chokaa kwa uangalifu, wanavyoziondoa boriti mbovu moja moja bila ya kuiumiza iliyo nzima. Nyumba imepata mikono ya watu.

Kuhusu usalama wa watoto hatuombi, tunaahidi. Fidla zetu hutengenezwa na seremala ambaye naye ni Mtoto wa Agosti. Amekwisha chonga kizuizi cha mbao cha kuzunguka tundu huko juu, kimo cha kifua cha mtoto, chenye nafasi za sauti kupita wala si za kichwa kupita. Kiko hapo nyuma yako, kimefunikwa kwa shuka. Mainjinia wako wakikague, wakisukume, wakikalie. Wakisema kiongezwe, kitaongezwa.

Na huo ukumbi mpya, usituhesabu kama watu waliokataa zawadi. Kijenge. Tutakuja kupiga siku ya kuufungua, na leso zetu tutakuja nazo.

Ombi lililobaki Ndugu Arnold aliliandika kwa Kiswahili kizuri cha ofisini. Linasema: "Tunaomba ofisi yako iangalie uwezekano wa kulitafakari upya suala la dari kwa kuzingatia maslahi ya wadau." Nimelisoma asubuhi, nikalisoma tena nikikunja leso, nikalisoma njiani. Sikuona tunachokitaka ndani yake. Nilimwuliza, "Baba, hapa tumesema tunataka nini?" Akacheka, akasema, "Bi Mahira, wakubwa hawaambiwi hivyo moja kwa moja." Kalama akasema, "Huyu si mkubwa, huyu ni wa chini." Dama akasema, "Mwacheni mwenye mchi aseme." Basi wameniachia.

HITIMISHO NA DUA

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akuhifadhi, wewe na wazazi wako waliokushika mkono wakakuleta mlangoni hapa. Awarehemu Bi Mwanamkuu na Mwalimu Nicanor, yeye aliyezikwa upande huu na yeye aliyezikwa kwao bara, na awape huko waliko watoto wa kuwachosha. Awabariki mafundi, awape nguvu mikononi na wepesi wa kurudi majumbani kwao salama. Amina kwa wote, kila mtu kwa namna yake.

Sasa niseme. Katika miaka yote niliyokaa juu ya tundu lile sikutaka kuonekana, na watu walinihurumia bure kwa hilo. Sikutaka jukwaa. Baba yangu alipokuwa amesimama hapo ulipo, sikutaka ashangilie wala aseme kwa watu huyu ni wangu. Nilichokuwa nikikitaka ni kimoja, nacho ndicho anachokitaka kila mtoto anayepanda ngazi ile, na kila anayebaki chini: nikiita, wa upande wa pili anijibu, kwa kuwa amenisikia, si kwa kuwa ameniona. Nimeita sana maishani. Wewe ulinijibu siku ile uzi ulipokatika, na jibu lile limenikalisha vyema hadi uzee huu.

Ukumbi umefika, mgeni rasmi, na umefika upesi, na tunausifu mkono wako. Lakini nakuuliza kama zamani: umefika na nani?

Nimeletewa mchi wangu. Naubisha sakafuni mara moja, uniwie radhi kwa masikio.

Chini! Ngoja. Usilizibe tundu. Liache wazi, watoto wa Kuze wapitishe wimbo wao. Hilo ndilo tunalolitaka, na hatukutaka lingine tangu tulipoingia. Sisi wa juu bado hatujapumua.

Ni sisi,
wa juu na wa chini,
Watoto wa Agosti,
nyumba ya Bi Mwanamkuu, Kuze, Mombasa.